Kompyuta ya Kikundi Inapozimika na Betri Ingali na Chaji

Vikundi vingi siku hizi vina laptopu ya kuandikia hesabu, mara nyingi ya mtumba au iliyotolewa na rafiki wa kanisa. Siku ya kugawana akiba inafika, wanachama wameketi, katibu anasoma majina. Kompyuta inaonyesha chaji ni asilimia 34. Ghafla, giza! Akibonyeza haiwaki. Hapo minong'ono inaanza: hesabu zetu zimeenda wapi? Kumbe hakuna mwizi. Betri imezeeka.

Lakini ndugu zangu, msichange pesa za betri mpya kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Chomekeni chaja na mfanye kazi kama kawaida. Ikikaa vizuri siku nzima kwa chaja, kisha ikizimika mara tu mnapochomoa, betri ndiyo mgonjwa. Ikizimika hata ikiwa kwa chaja, tafuteni kwingine: waya uliolegea, au feni iliyojaa vumbi hadi mashine inachemka. Someni pia maandishi ya chaja. Kompyuta inayotaka wati 65 ikipewa chaja ya wati 45 huenda isijae hata kidogo, na betri ikalaumiwa bure.

Sasa, mbona izimike na bado inasema 34? Ndani ya betri mna seli kadhaa zilizopangwa kama mawe ya tochi. Jiwe moja likichoka, tochi yote inafifia hata kama mengine ni mazima. Kompyuta inapofanya kazi nzito, ile seli dhaifu inaangusha nguvu yake mara moja, na kifaa cha ulinzi kilichomo ndani ya betri kinakata. Ile asilimia nayo ni makadirio tu. Kompyuta inakisia kwa kukumbuka betri ilivyokuwa zamani, kama mtu anayehesabu debe la mahindi bila kujua panya wamepita.

Kama mnatumia Windows 10 au 11, kuna njia ya kupima bila fundi. Fungueni Command Prompt, andikeni powercfg /batteryreport kisha mbonyeze Enter. Mtaonyeshwa mahali ripoti ilipohifadhiwa. Ifungueni mlinganishe namba mbili: "Design Capacity" ni ujazo wa betri ikiwa mpya, na "Full Charge Capacity" ni ujazo wa leo. Tuseme ya kwanza ni 48,000 na ya pili ni 19,200. Hiyo imebaki na asilimia 40, na kuizika si dhambi.

Ikiwa namba hizo zinakaribiana na bado inazimika, jaribuni kurekebisha kipimo. Ijazeni mpaka 100, muiache kwa chaja kama saa mbili, kisha muitumie mpaka izime yenyewe, halafu muijaze tena bila kukatiza. Fanyeni mara moja tu. Wako watu wanaosema betri imalizwe kabisa kila mara. Ushauri huo ulitoka kwa betri za zamani za nikeli. Hizi za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, zinaumia zikimalizwa kila siku. Joto nalo linaziua mapema, kwa hivyo msiiache laptopu kwenye ofisi ya mabati yenye jua kali, hasa ikiwa imejaa chaji.

Kuna dalili moja ambayo si ya kufanyia mzaha. Mkiona kibodi imeinuka, au laptopu inayumba mezani kama kiti kibovu, betri imefura. Izimeni na mchomoe chaja. Msiichaji tena, msiitoboe, msiibonyeze irudi. Mpelekeeni fundi aitoe. Msiitupe motoni wala chooni. Inaweza kulipuka au kuchafua udongo na maji. Nairobi kuna WEEE Centre, inayopokea taka za vifaa vya umeme.

Mkiamua kununua, nendeni na betri ya zamani mkononi mkalinganishe namba ya modeli na volti. Ya volti 14.8 haifai mahali pa 11.1, hata kama inaingia. Msinunue betri ya mtumba: inazeeka hata ikikaa kwenye rafu.

Pengine hata hamhitaji betri. Kama mkutano ni penye stima na betri yenu ni ya kuchomoa, izimeni kompyuta, itoeni, mtumie chaja peke yake. Ila stima ikipotea mashine inazima papo hapo. Basi katibu abonyeze Ctrl na S kila anapomaliza mwanachama mmoja, na mweka hazina aendelee kuandika kwenye leja yake ya karatasi.