Pikapu kuukuu ya dizeli ndiyo hasla yako? Soma mtungi wa oili kabla ya kulipa

Tuseme umejinyima miaka miwili, ukaongeza mkopo wa Sacco, na sasa uko na pikapu yako ya kwanza. Si mpya. Ni Toyota Hilux yenye injini ya 2L au 3L, au ile Isuzu ya 4JA1 iliyopitia mikono ya watu wanne kabla yako. Asubuhi inapeleka sukuma wiki Marikiti, mchana inahamisha watu nyumba, Jumamosi inabeba viti na mahema ya harusi. Hilo si gari tu. Ndiyo kazi yako.

Siku ya sevisi inafika na fundi anakuuliza: “Boss, tuweke oili gani?” Hapo ndipo wengi hubabaika. Mwenye duka la spea anakwambia uchukue namba 40. Jirani anaapa kwamba injini ikizeeka inataka oili nzito ya 20W-50. Beshte yako mwenye gari la petroli anakusukuma ununue ile ya bei ghali anayotumia yeye. Kila mtu ni daktari, lakini mgonjwa ni wako na bili pia ni yako.

Jibu haliko kwenye bei, wala kwenye rangi ya mtungi. Liko kwenye maandishi mawili madogo: moja linaeleza oili ni ya injini ya aina gani, lingine linaeleza uzito wake. Ukijua kuyasoma, hakuna atakayekuuzia paka kwenye gunia.

Kwanza, tafuta herufi C

Geuza mtungi utafute neno API. Hiyo ni Taasisi ya Petroli ya Marekani, na viwango vyake hutumika kote duniani. Baada ya API utaona herufi. Zikianza na S, kama SF, SG au SL, oili hiyo imelenga injini za petroli. Zikianza na C, kama CD, CF-4, CH-4 au CI-4, imelenga dizeli. Mitungi mingi huwa na zote mbili, kwa mfano CI-4/SL, na inayotangulia ndiyo iliyopewa kipaumbele.

Kwa nini dizeli iwe na oili yake? Kwa sababu dizeli ikiungua hutoa masizi mengi, na masizi hayo huingia kwenye oili. Oili ya dizeli ina dawa za kuyaosha na kuyashikilia yakielea, yasigandamane na kuziba njia. Pia ina dawa ya kupambana na asidi inayotokana na salfa iliyo kwenye mafuta. Salfa ilipungua sana Afrika Mashariki iliposhusha kiwango hadi sehemu 50 kwa milioni mnamo Januari 2015, lakini masizi bado yapo, hasa kwa injini kuukuu ambayo nozeli zake zimechoka.

Sasa angalia herufi ya pili. Kadiri inavyosonga mbele kwenye alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya. CD ni kiwango cha mwaka 1955. CH-4 ilianza 1998 na CI-4 ikafuata 2002. Habari njema ni kwamba CH-4 na CI-4 zinaweza kutumika pale ambapo kitabu cha gari kinataja CD au CF-4. Kwa hivyo, kwa Hilux au Isuzu ya miaka ya tisini, CH-4 au CI-4 inatosha kabisa. Ukipata CK-4, ya mwaka 2016, pia ni sawa, lakini si lazima uivunjie benki. Ukiona FA-4, pita. Hiyo ni oili nyepesi iliyotengenezewa injini mpya za malori.

Mtego uko hapa. Mitungi mingi ya bei nafuu ya 20W-50 imeandikwa SF/CC. Hiyo ni oili ya petroli ya zamani, na hiyo CC ya dizeli ni kiwango cha chini hata kuliko CD. Ukiimwaga kwenye dizeli inayofanya kazi ngumu, unaiomba ibebe mzigo ambao haikuumbiwa.

Pili, soma uzito

Maandishi kama 15W-40 ndiyo yanayoeleza uzito. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili hupanda haraka ukiwasha. Namba ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto, na hupimwa kwa nyuzijoto 100.

Kwa dizeli nyingi za zamani hapa kwetu, 15W-40 ndiyo chaguo salama. Inafaa asubuhi ya Julai kule Limuru na inafaa pia mchana wa jua Mombasa.

Na ile hadithi ya kwamba injini ikizeeka inataka oili nzito? Ina ukweli kidogo. Vitabu vya injini nyingi za zamani huruhusu 20W-50 mahali penye joto, mradi mtungi uwe na herufi sahihi ya dizeli. Lakini oili nzito hairudishi ringi zilizolika. Inaficha dalili kwa muda tu, na asubuhi yenye baridi inachelewa kufika juu ya injini. Sekunde hizo chache za kuwasha ndizo vyuma husuguana vikiwa vikavu.

Namba 40 tupu, isiyo na W, ina shida hiyo hiyo. Ni nzito mno ikiwa baridi. Kama unawasha alfajiri ili uwahi soko, hiyo si rafiki yako.

Ile oili ya bei ghali, yaani sinthetiki, haitaharibu injini yako. Ila kama gasketi zimezeeka, inaweza kuanza kuvuja mahali ambapo hapakuwa na dalili. Kwa pikapu ya kazi, ni afadhali pesa hizo uzitumie kubadilisha oili ya kawaida mapema, pamoja na filta.

Usiogope weusi, ogopa kuchelewa

Siku mbili baada ya sevisi, unavuta dipstiki na oili ni nyeusi tititi. Usimshuku fundi mara moja. Kwenye dizeli, weusi ni ishara kwamba oili inaosha masizi kama inavyotakikana. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa, kwa sababu ina maana kwamba maji yameingia. Hapo zima injini, usiende nayo hata kona inayofuata.

Mafundi wengi hukuandikia kilomita 5,000 kwenye kile kikaratasi. Kwa gari kuukuu, hesabu hiyo ni nzuri. Mita ikiwa imekufa, hesabu kwa wiki: ukienda kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, 5,000 zinaisha baada ya wiki 8 hivi. Ukikaa sana kwenye jam, punguza, kwa maana injini inachoka hata magurudumu yasipozunguka.

Pima oili kila wiki, gari likiwa limesimama pahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Iwe kati ya alama mbili. Usiijaze kupita alama ya juu ukidhani unaipendelea. Oili ikizidi hupigwa povu, na injini ya dizeli inaweza hata kuanza kuivuta na kuichoma kama mafuta. Ikifika hapo, kuzima kwa ufunguo hakusaidii.

Kama gari lako ni dizeli ya juzi

Ukiwa na dizeli ya juzijuzi, kwa mfano Mazda CX-5, usifuate ushauri huu wa pikapu. Magari hayo yana kichujio cha masizi kwenye ekzosi, nacho huzibwa na majivu ya oili ya kawaida. Yanahitaji oili yenye majivu machache, kama ile yenye alama ya DL-1 au ACEA C3, kulingana na kitabu cha gari. Ndiyo maana jibu la “beshte yangu anatumia hii” halina maana mpaka ujue beshte anaendesha nini.

Nunua mwenyewe, simama hapo

Oili bandia ipo, na haitofautishwi kwa macho. Nunua kwenye kituo cha mafuta au duka unaloweza kurudi ukiwa na risiti. Angalia kama kifuniko kimewahi kufunguliwa. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, kisha tuma SM#, ikifuatwa na namba ya kibali iliyo chini yake, kwa 20023, ujue kama bidhaa ni halali.

Ukifika gereji, mwambie fundi kwa heshima: “Fundi, oili nimekuja nayo, filta pia. Acha nione ya zamani ikimwagika.” Fundi mzuri hatakasirika. Mkimaliza, toboa mtungi mtupu kabla ya kuutupa, usije ukajazwa tena na kuuziwa mwenzako.

Mwisho, jua mahali ambapo oili haiwezi kukusaidia. Moshi wa samawati maana yake injini inakunywa oili. Ukilazimika kuongeza lita nzima kila wiki, shida si chapa ya oili. Ni ringi, sili za valvu au turbo, na hapo unahitaji fundi wa injini wala si mtungi mwingine.

Oili na filta ni mapato ya siku chache. Injini ikinoki, unaunda upya kwa pesa za miezi kadhaa, huku wateja wako wakihamia kwa mwenye pikapu nyingine. Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kuegesha, vuta dipstiki. Kisha tafuta ule mtungi wa mwisho fundi alioutumia, usome herufi na namba zake.