Saa ya Ini na Dawa ya Mvuvi wa Dagaa

Katika pwani ya Lindi, anayetaka kuwaona vimelea wa matende kwa darubini huchukua tone la damu usiku, kati ya saa nne na saa nane. Mchana vimelea hao wachanga hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Usiku husogea karibu na ngozi, wakati mbu anayewasambaza yuko kazini. Mwaka 1881, daktari Stephen Mackenzie wa London alimlaza mgonjwa wake mchana na kumkesheza usiku. Baada ya muda vimelea nao wakabadili zamu, wakawa wanaonekana mchana. Hawakuwa wakifuata jua bali usingizi wa mtu waliyemo.

Ini nalo lina saa. Saa kuu imo ndani ya ubongo, kiini chenye seli kama 20,000 kinachopokea habari za mwanga kutoka machoni. Lakini karibu kila kiungo kina saa yake, na saa za ini na utumbo husikiliza sana muda wa kula. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo. Kwa sisi tunaogawa dawa, habari kubwa ni kwamba vimeng'enya vya ini vinavyovunjavunja dawa havifanyi kazi kwa kasi moja mchana na usiku.

Sasa mfikirie mvuvi wa dagaa wa Kilwa Masoko au Somanga. Giza la mwezi likiingia, anatoka na taa jioni, anakula usiku wa manane chomboni na kulala jua likiwa limeshapanda. Mbalamwezi ikijaa, anarudi kulala usiku kama jirani zake. Saa ya ini lake huvutwa huku na kule kila mwezi, na mfuko wa dawa anaopewa umeandikwa tu “asubuhi na jioni”. Asubuhi ya nani?

Dawa mseto ya malaria, tunayoitumia Tanzania tangu mwishoni mwa 2006, inaonyesha uzito wa swali hilo. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ya kwanza, kisha kila baada ya saa 12 mpaka zitimie sita. Tena lumefantrine iliyomo haiyeyuki vizuri bila mafuta: ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu huweza kufika mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Mafuta kidogo tu yanasaidia sana, na pwani hatuna uhaba wa nazi. Lakini mvuvi aliyepata nafuu siku ya pili akarudi baharini, akameza vidonge kwa chai ya rangi, amejipunguzia tiba bila kujua.

Utumbo si bomba la kupitishia dawa tu. Ukuta wake una vimeng'enya vya aina ileile iliyo kwenye ini, na huvunja sehemu ya dawa kabla haijafika kwenye damu. Ndiyo maana wanaotumia baadhi ya dawa za presha hukatazwa balungi: maji yake huvizima vimeng'enya hivyo, dawa ikapanda kupita kiasi. Utumbo ukivimba kwa ugonjwa, mambo huwa magumu zaidi. Dawa moja hupita haraka na kinyesi bila kufyonzwa. Nyingine huingia nyingi kuliko kawaida. Kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa unaovimbisha utumbo kwa miaka, dawa ya presha iitwayo propranolol imepimwa ikakutwa juu kwenye damu kuliko kwa watu wenye afya. Na uvimbe hauishii tumboni: kemikali zake husafiri hadi kwenye ini na kuliamuru lipunguze vimeng'enya. Katika panya wa maabara, hata mpangilio wa saa wa vimeng'enya hivyo huvurugika.

Homa kali nayo hulipunguzia ini kasi. Kwinini, inayojulikana kwa kuvumisha masikio, hutoka polepole mwilini mwa mgonjwa wa malaria kali, na kasi hurudi anapopona.

Ninaowahofia zaidi ni watoto. Utafiti wa MAL-ED, uliofanyika katika nchi nane, yetu ikiwakilishwa na Haydom mkoani Manyara, ulikuta vijidudu vya tumbo kwa watoto wengi ambao hata hawakuwa wakiharisha. Utumbo unaweza kuwa umeathirika na mama asione dalili. Kwa hiyo choo bora na maji safi kule Songosongo au Kivinje vinahusu pia dawa kufanya kazi yake.

Sisemi kila dawa ibadilishiwe saa. Ushahidi kwa binadamu ni imara kwa dawa chache, kama simvastatin ya kushusha lehemu, inayomezwa usiku kwa sababu ini hutengeneza lehemu zaidi wakati huo. Ninachowaomba wenzangu wa zahanati na maduka ya dawa muhimu ni maswali mawili kabla ya kuandika kwenye mfuko: unalala saa ngapi, na tumbo likoje? Kisha waandike saa kamili. Nawe msomaji, usisubiri kuulizwa. Sema kwamba unakesha, umefunga, au unaharisha. Usijipunguzie wala kujiongezea dozi, na ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza dawa mseto, rudia dozi hiyo, kisha rudi kituoni upewe ya kufidia.