Saa Bandia Ndani ya Programu

Programu ya chama cha kuweka na kukopa, ikikokotoa faini ya mkopo uliochelewa, huiuliza kompyuta: leo ni tarehe ngapi? Swali hilo linawatoa jasho waandishi wa majaribio. Jaribio linalopita leo kwa kuhesabu siku 5 za kuchelewa litaanguka kesho, siku zikiwa 6, na hakuna aliyegusa msimbo. Dawa iliyozoeleka ni fanksheni bandia: jaribio likiendeshwa, ile inayosoma tarehe inawekwa kando, na nafasi yake inashikwa na nyingine inayojibu 15 Machi 2025 kila ikiulizwa.

Fanksheni uliyoiandika mwenyewe haisumbui. Zinazokesheza watu ni zile zinazokuja na lugha yenyewe: za kusoma saa, kufungua faili, kutoa namba za kubahatisha.

Tuchukue Python, ambayo tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 ina moduli ya kazi hii, unittest.mock, iliyotokana na maktaba ya Michael Foord. Faili letu ni faini.py, na mstari wake wa kwanza ni from datetime import date. Anayeanza hujaribu kuibadilisha today iliyo ndani ya date. Python inamkatalia papo hapo, kwa kuwa date imeandikwa kwa C na sifa zake hazibadilishwi. Basi anaweka bandia kwenye datetime.date. Safari hii haoni kosa lolote, ila faini inazidi kusoma tarehe ya kweli. Ule mstari wa kwanza ulishalichukua jina date na kuliweka ndani ya faini.py, ni kama kubadilisha namba kwenye bango la duka wakati mteja ameshaihifadhi ya zamani kwenye simu yake. Bandia huwekwa pale jina linaposomwa, kwa patch ya unittest.mock: patch("faini.date"). Nyaraka rasmi za Python zinalieleza hili wazi, na bado watu wanalikosea kila siku.

Hata hapo kazi haijaisha. Sasa date ni bandia kwa faili zima. Msimbo ukiandika date(2025, 3, 10) kutengeneza siku ya mwisho ya kulipa, unapewa kitu bandia, na ukikitumia kwenye hesabu ya kutoa kinakubali kimyakimya na kurudisha bandia jingine. Afadhali isinstance, inayokagua aina ya kitu, ambayo hupiga kelele ikipewa date bandia. Huo ukimya ndio unaozaa majaribio yanayopita bila kupima chochote.

Fanksheni ya open ina balaa lake. Ukiiweka bandia kwenye builtins, maktaba yoyote itakayoita open muda huo itaangukia bandia lako. Mimi huona heri kutengeneza faili la kweli kwenye folda ya muda. Diski za siku hizi zina kasi ya kutosha. Tukirudi kwenye saa, watumiaji wa PHP wana ujanja wao: time() ikiitwa bila alama ya \ mbele yake, hutafutwa kwanza katika namespace ya faili, kwa hiyo unaandika time yako humo. Mwenzako akiongeza hiyo \ tu, ujanja umekwisha.

Ushauri wangu ni kuipitishia fanksheni tarehe mlangoni: def faini(mkopo, leo). Fanksheni ikiipokea leo kama kigezo, hakuna cha kughushi, na nguvu iliyobaki inakwenda kwenye kuchagua tarehe ngumu. Tarehe 29 Februari 2012 huduma ya Azure ya Microsoft ilikwama kwa sababu programu iliongeza mwaka mmoja kwenye tarehe ya cheti, ikapata 29 Februari 2013, siku isiyokuwapo.

Kwetu kuna mtego mwingine. Seva nyingi huendeshwa kwa saa za UTC, saa 3 nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, seva hiyo bado iko jana. Mwanachama akilipa saa saba na nusu usiku, siku moja baada ya tarehe ya mwisho, programu itamhesabu kuwa amewahi. Wanaoendesha majaribio mchana hawatauona mtego huu kamwe, mpaka kigezo kiache kuwa tarehe tupu, kibebe saa na ukanda wake, na jaribio mojawapo liingize 22:30 ya UTC.