JINA LA WASHINGTON LILITOKA WAPI?

Ukifungua rejista ya shule nyingi huku kwetu Kenya hutakosa kumpata mvulana anayeitwa Washington. Utampata pia Wilson, Jackson na Livingstone. Sisi tumezoea kuyaita haya majina ya ubatizo. Kumbe kule yalikotoka, Uingereza, yalikuwa majina ya koo! Katika makala haya nitaeleza safari ya jina moja tu, Washington, kwa maana usione vyaelea, vimeundwa.

MAJINA YA KOO YALIVYOANZA

Hapo zamani Waingereza hawakuwa na majina ya koo. Mtu aliitwa kwa jina lake moja tu, basi. Mwaka wa 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na baada ya hapo desturi ya kuwa na jina la pili la kurithiwa ikaanza kuenea. Ilianza kwa mabwana wenye mashamba, kisha polepole ikawafikia watu wa kawaida.

Majina hayo yalitokana na mambo manne. La kwanza ni kazi: Smith ni mhunzi, Baker ni mwoka mikate na Taylor ni mshonaji. La pili ni jina la baba: Johnson ni mwana wa John, jinsi Wakalenjin wasemavyo arap na Waswahili bin. La tatu ni umbo au sifa ya mtu: Short ni mfupi, na Armstrong ni mwenye mikono yenye nguvu. La nne ni mahali mtu alipokaa. Washington ni la kundi hili la nne.

KIJIJI NA BWANA WILLIAM

Kaskazini mwa Uingereza, karibu na mto Wear, kuna mji uitwao Washington. Zamani kilikuwa kijiji tu. Wataalamu wa majina wanaeleza kwamba katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya shamba lililohusiana na mtu aliyeitwa Hwaesa. Ile "ton" ya mwisho ndiyo shamba au boma, na ndiyo sababu miji mingi ya Uingereza huishia hivyo.

Katika karne ya 12 bwana mmoja, William de Hertburne, alibadilishana ardhi na Askofu wa Durham. Alitoa shamba lake la Hertburne akapewa Wessyngton, kwani ndivyo lilivyoandikwa siku hizo. Neno "de" ni "wa" kwa Kifaransa. Basi alipohama na jina likahama: kutoka William wa Hertburne akawa William wa Wessyngton. Hebu fikiri, msomaji! Kama bwana huyo angekataa kubadilishana shamba, huenda leo mji mkuu wa Marekani ungeitwa Hertburne.

JINA LINAANZA KUTEMBEA

Ukoo ulipokua, shamba halikuwatosha wote. Tawi moja lilihamia Lancashire, upande wa magharibi. Kutoka huko, Lawrence Washington alikwenda Northampton akafanya biashara ya sufu, akatajirika hata akawa meya wa mji huo mwaka wa 1532 na tena 1545. Wakati huo Mfalme Henry wa Nane alikuwa amefunga nyumba za watawa na kuuza ardhi yao. Lawrence akanunua ardhi ya Sulgrave mwaka wa 1539 kwa pauni 324 na ushei. Nyumba aliyoijenga hapo ipo hadi leo. Alama ya ukoo wake ni mistari miwili myekundu na nyota tatu nyekundu juu yake. Tangu mwaka wa 1938 alama hiyo ndiyo bendera ya mji wa Washington, D.C.

Lakini mali ni kama maua, hunyauka. Katika karne ya 17 kulizuka vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Kasisi mmoja wa ukoo huu, naye pia Lawrence Washington, alifukuzwa katika kanisa lake la Purleigh mwaka wa 1643. Ati alikuwa mlevi! Familia ikaingia katika dhiki. Mwanawe, John, aliona heri atafute riziki baharini.

Mwaka wa 1656 John alipanda merikebu iliyofanya biashara ya tumbaku na Virginia, koloni ya Waingereza huko Amerika. Merikebu ilipokuwa ikijiandaa kurudi ilikwama katika mto Potomac. John akaamua kubaki. Alimwoa Anne Pope, na baba mkwe akawapa ekari 700. Mtu aliyekuja kuuza na kununua akawa mwenyeji. George Washington, aliyezaliwa mwaka wa 1732, alikuwa kitukuu wa John huyo. Ndiye aliyeongoza jeshi lililopigana na Uingereza, akawa rais wa kwanza wa Marekani kuanzia 1789 hadi 1797. Mji mkuu ulipewa jina lake mwaka wa 1791.

WENYE JINA HILI LEO

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo penye kiini cha hadithi yetu. George Washington hakuzaa mtoto hata mmoja. Je, ni nani walioibeba Washington hadi ikawa na watu wengi hivyo?

Tumbaku ya Virginia ililimwa na watumwa Waafrika. Baba yake George alipofariki mwaka wa 1743, mtoto huyo wa miaka 11 alirithi watumwa kumi. Mwaka wa 1799, alipokufa, watumwa 317 walikuwa wakiishi katika shamba lake la Mount Vernon. Wasia wake uliwapa uhuru wale waliokuwa wake mwenyewe, zaidi ya 120. Wengi wa waliosalia walikuwa mali ya urithi wa mume wa kwanza wa mkewe, nao wakabaki utumwani.

Katika madaftari ya mabwana, mtumwa kwa kawaida aliandikwa jina moja tu, kama vile ng'ombe apewavyo jina. Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka wa 1865, watu wapatao milioni nne walihitaji majina kamili ya kuandikishia ndoa, mishahara na shule. Wengine walishika jina la bwana wa zamani, wengine walitangaza jina walilokuwa wakilitumia kwa siri wao kwa wao, na wengine walijichagulia. Wengi waliojiita Washington hawakutoka katika mashamba ya ukoo huo kamwe.

Mfano mzuri ni Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka wa 1901 alieleza kwamba alipoingia shule alikuwa na jina moja tu, Booker. Mwalimu alipoita majina, alisikia wenzake wana mawili au hata matatu. Zamu yake ilipofika akajibu kwamba yeye ni Booker Washington, na ikawa hivyo. Baba yake wa kambo aliitwa Washington Ferguson. Kijana huyo ndiye aliyekuja kukiongoza chuo cha Tuskegee tangu kilipoanzishwa mwaka wa 1881.

Katika hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka wa 2000, watu 163,036 walikuwa na jina la ukoo la Washington. Kati ya kila 100, wapatao 90 walikuwa watu weusi! Jina lililoanzia kwa mkulima wa Kiingereza limekuwa jina la watu wenye asili ya Afrika. Na huku kwetu wazazi wamelifanya jina la kwanza, likafuatwa na Otieno au Wafula.

TUJIFUNZE NINI?

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini hawa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Walipopata nafasi ya kusema "mimi ni fulani", walilitwaa jina la mkubwa wakalifanya lao. Kwa hivyo, mimi siwezi kumcheka mtu kwa sababu ya jina lake la kigeni. Ninachosema ni kwamba tujue tunachoitwa.

Tunaweza kuifuata njia ya Washington kwa miaka zaidi ya 800 kwa sababu mtu aliandika. Majina yetu mengi hayajaandikwa, yamo vinywani mwa wazee. Nyanya yako anajua ni kwa nini babu yako aliitwa alivyoitwa, na ni nani aliyehama kutoka wapi. Muulize likizo hii, uandike katika daftari, uje utusomee chamani. Kuuliza si ujinga.