Kamera kuukuu na kiondo ni hazina ya familia, zisiozee kabatini

KATIKA nyumba nyingi humu nchini, kuna kamera kuukuu iliyosahaulika juu ya kabati au chini ya kitanda. Kando yake aghalabu huwa pana bahasha ya picha zilizoanza kupauka, na pengine kiondo alichosuka nyanya ambacho siku hizi hutiwa vitunguu.

Tangu simu za mkononi zenye kamera zienee, vifaa hivyo vimechukuliwa na wengi kuwa takataka. Hata hivyo, picha zilizomo katika bahasha hiyo mara nyingi ndizo kumbukumbu pekee za jamaa waliotangulia mbele ya haki. Kila mzee anapofariki, majina ya watu walio katika picha hizo huzikwa pamoja naye.

Mfano wa thamani ya vitu hivyo ni kazi za mpigapicha mashuhuri Priya Ramrakha. Ramrakha, aliyezaliwa Nairobi mnamo 1935, aliuawa mwaka wa 1968 alipokuwa akiripoti vita vya Biafra nchini Nigeria. Nyingi za picha zake zilipatikana miongo kadhaa baadaye zikiwa katika gereji jijini Nairobi, na kitabu chake kikachapishwa mwaka wa 2018. Lau gereji hiyo ingesafishwa kwa pupa, sehemu ya historia ya Afrika ingeishia jaani.

Upigaji picha wa zamani ulikuwa kazi ya mikono kikamilifu. Katika kisiwa cha Lamu, marehemu Omar Said Bakor alisifika kwa kukata picha kwa mkasi na kuziunganisha upya hadi zikawa taswira za ajabu, miaka mingi kabla ya kompyuta kuifanya kazi hiyo kuwa rahisi.

Filamu yenyewe ni utepe wa plastiki uliopakwa utando wenye chembechembe za madini ya fedha. Mwanga unapopita kwenye lenzi na kuzigusa, chembechembe hizo hubadilika, na picha hujitokeza filamu inaposafishwa kwa dawa gizani. Picha nyeusi na nyeupe hubakia na fedha hiyo, ilhali picha za rangi hutegemea rangi za kemikali ambazo hufifia hata zikiwekwa gizani.

Ndiyo maana katika familia nyingi picha za harusi za miaka ya hamsini zingali wazi, huku za miaka ya themanini zikiwa zimegeuka kuwa nyekundu au manjano.

Anayetaka kuifufua kamera ya babu hapaswi kuharakisha kuifungua. Kwanza azungushe polepole kitasa cha kurudishia filamu. Kikiwa kizito, huenda ndani mkasalia filamu ambayo haijasafishwa. Filamu kama hiyo, hasa ya nyeusi na nyeupe, inaweza kutoa picha hata baada ya miongo kadhaa, ijapokuwa hafifu. Kuifungua mahali penye mwanga ni kuziangamiza picha hizo.

Ikiwa kamera ni tupu, lenzi ielekezwe kwenye mwanga na kukaguliwa. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni dalili ya kuvu, maradhi yanayoziathiri sana kamera katika miji yenye unyevu kama Mombasa na Lamu. Betri ya zamani iondolewe kwa kuwa huvuja na kula vyuma. Sponji nyeusi inayozuia mwanga mlangoni nayo hugeuka kuwa kama lami, na inafaa kubadilishwa.

Kamera nyingi za kale hazihitaji betri ili kupiga picha, kwani mitambo yake huendeshwa na springi. Hata kipima mwanga kikiwa kimeharibika, kuna kanuni rahisi inayotumika wakati wa jua kali. Filamu yenye kasi ya 100 ikitiwa ndani, tundu la lenzi huwekwa kwenye nambari 16 na muda kwenye 125, yaani sehemu moja ya 125 ya sekunde.

Filamu hazijatoweka, ingawa wengi walidhani hivyo kampuni ya Kodak ilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka wa 2012. Filamu za jina hilo zingali zinatengenezwa, na mwaka wa 2024 Pentax ilizindua kamera mpya inayotumia filamu. Hata hivyo, filamu na gharama ya kuisafisha si za bei nafuu, hivyo familia huenda ikaamua kutumia mkanda mmoja tu kwa miezi kadhaa.

Uchache huo una faida yake. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 hutoa picha 24 au 36. Mtoto aliyezoea kupiga picha 100 kwa simu hulazimika kutazama, kungoja na kuchagua kabla ya kubonyeza kitufe. Isitoshe, hawezi kuiona picha papo hapo, na familia nzima husubiri pamoja matokeo yake.

Kazi za mikono nazo zina nafasi katika shughuli hii. Kiondo cha mkonge, ambacho husukwa kuanzia kitako kuelekea mdomoni, kinaweza kushonewa kitambaa cha kanga na sponji ndani, kikawa mkoba wa kamera. Tofauti na mkoba wa ngozi au wa plastiki unaohifadhi unyevu, kiondo hupitisha hewa. Kamera ivingirishwe kwa kitambaa safi cha pamba ili kuikinga dhidi ya vumbi.

Albamu pia inaweza kutengenezwa nyumbani. Karatasi nene zisizo na asidi hukunjwa, zikatobolewa kwa shazia na kushonwa kwa uzi imara, kisha jalada likavikwa kanga au kitenge kilichochakaa. Picha zishikiliwe kwa pembe ndogo za karatasi badala ya gundi. Albamu zenye kurasa za kunata, zilizopendwa sana zamani, zimeharibu picha nyingi kwa sababu gundi hiyo huzigeuza rangi na kuzing'ang'ania.

Nyuma ya kila picha yaandikwe majina, mahali na mwaka kwa penseli laini, karibu na ukingo. Kalamu ya wino huvuja au kuacha alama upande wa mbele. Negativu zisitupwe, kwani picha ikiraruka au kupauka, nyingine inaweza kutolewa humo.

Fauka ya hayo, picha na negativu zisihifadhiwe karibu na dari chini ya paa la mabati, ambako joto ni kali, wala sakafuni ambako maji huweza kuingia. Ndani ya kabati la chumba chenye hewa ya kutosha ni bora zaidi. Nakala zipigwe kwa simu na kugawiwa jamaa mbalimbali ili moto au mafuriko yasifute kila kitu kwa siku moja.

Lililo muhimu kuliko yote halihitaji fedha. Nyanya anaweza kuketi na wajukuu alasiri ya Jumapili, akisuka au kufuma vitambaa vyake, huku wakimpa picha moja baada ya nyingine. Mmoja aulize, mwingine aandike, na simu irekodi sauti yake. Filamu iliyopauka yaweza kurekebishwa na fundi, lakini jina lililosahauliwa na wote halina fundi wa kulirejesha.