Kikaratasi kilichozaa neno

Watu hudhani kazi kubwa ya kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilikuwa kusaka maneno adimu. Wapi! Adimu yalijileta yenyewe. Wasomaji wa kujitolea walitumwa kupekua vitabu na kuandika kila mfano kwenye kikaratasi cha inchi 6 kwa 4: neno, mwaka, kitabu, ukurasa, kisha sentensi nzima. Vikaratasi vilipangwa kwenye vishubaka zaidi ya elfu moja katika banda la mabati la mhariri, James Murray. Lakini jicho hurukia kigeni. Murray alilalamika kuwa 'abusion', neno lililokwisha kufa, lilimjia na mifano kama 50, ilhali 'abuse', lililomo vinywani kila siku, halikufikisha hata 5.

Murray alipokabidhiwa shehena ya awali ya vikaratasi mwaka 1879, gunia moja lilikuwa na panya mfu, jingine panya hai na wanawe. Vikaratasi vya maneno yanayoanza na 'Pa' vilikutwa kwenye zizi la farasi huko Ireland, vingi vimeshatumika kuwashia moto. (Sisi tunaochoma mafaili kila ofisi ikihama, tusicheke sana.) Neno 'bondmaid' lilipotea hata likakosekana katika juzuu ya kwanza ya 1888, likaja kuingizwa katika nyongeza ya 1933.

Kioja zaidi kilitokea Marekani. Mwaka 1931, mhariri wa kemia wa kamusi ya Webster aliandika 'D or d', akimaanisha kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha neno linalomaanisha msongamano wa maada. Kikaratasi kikachanganywa na vya maneno kamili. Ofisini humo vidahizo vilipigwa chapa kwa kuachanisha herufi, ili alama za mkazo zipate pa kukaa, kwa hiyo nafasi zile hazikumshtua mtu. Likazaliwa 'dord': nomino, yenye maana, yenye hata matamshi, na hakuna binadamu aliyewahi kulitamka! Lilichapishwa 1934. Mwaka 1939 mhariri mmoja alishangaa mbona halina asili; baadaye likafutwa.

Vikaratasi vya Oxford bado vimo katika hifadhi ya mchapishaji. Hutumika kutambua miandiko ya waliojitolea, kufufua mifano iliyoachwa, kuhakiki tarehe, na mengineyo.