Je, Wajua? Ngano Inajificha Kwenye Karai

Je, wajua kwamba wali maharage wa mama ntilie wa Tandika unaweza kuwa salama zaidi kwa mtu asiyetakiwa kula ngano kuliko sahani ya bei mbaya kwenye mgahawa wenye kiyoyozi Mikocheni? Kwa mama ntilie sufuria zote unaziona, na ndani yake mna mchele, sembe, maharage, mchicha na nyama. Mgahawani mchuzi unapikiwa nyuma ya ukuta, na wapishi wengi huupa uzito kwa kijiko cha unga wa ngano.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Basi. Ugali wa dona, wali, mihogo, ndizi, viazi, magimbi, kunde, makande, mtori, uji wa ulezi: vyote kwa asili havina gluteni ya kumdhuru mtu. Mkazi wa Temeke anaweza kula wiki nzima asiikose ngano, na mfuko wake usijue tofauti.

Inakadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 100 duniani ana ugonjwa wa siliaki. Akila gluteni, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba, na chakula hakifyonzwi vizuri tena. Anaharisha, tumbo linajaa gesi, damu inapungua, mtoto hakui. Dalili hizo zinafanana mno na za minyoo na amiba, kwa hiyo mtu anaweza kumeza dawa za minyoo miaka na miaka huku kila asubuhi akishushia chai kwa chapati mbili. Dawa ya siliaki yenyewe haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Lakini usiiache kabla ya kupima damu: ukishaacha, kipimo kinaweza kuonyesha huna ugonjwa kumbe unao.

Nani alisema ni ugonjwa wa Wazungu? Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta asilimia 5.6 ya watoto Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, wana siliaki. Ni mara kadhaa zaidi ya Ulaya, na hiyo ni Afrika hii hii.

Aliyeigundua ngano kuwa chanzo ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika nchini mwake, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu wakati wengine wanadhoofika. Mkate uliporudi, nao wakarudi kuumwa. Aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo mwaka 1950.

Sasa tuje kwenye karai, maana hapa ndipo wengi wanapoponzeka. Zege ni viazi na mayai tu, na chipsi kavu ni viazi na chumvi. Ila mafuta yale yale yamekaanga nini kabla yako? Soseji nyingi zina unga au chenga za mkate ndani yake. Sambusa ni ngano. Mafuta yaliyokaanga maandazi alfajiri yanaweza kukaanga changu mchana. Na moto wa karai hauiui gluteni, kwa sababu si kidudu. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walinunua oda 20 za chipsi kwenye migahawa 10 iliyokuwa ikikaangia chipsi na vyakula vya ngano kwenye mafuta ya pamoja. Oda 9 zilikutwa na gluteni.

Kiasi kidogo kiasi gani? Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Miligramu 50 kila siku kwa miezi mitatu zimeonekana kutosha kuuharibu utumbo wa mgonjwa. Slesi moja ya mkate huwa na gramu 2 hivi. Kwa hiyo kuibandua nyama juu ya chapati na kuila peke yake hakusaidii kitu.

Kwenye kijiwe cha chipsi, basi, usimuulize muuzaji habari za gluteni. Muulize hivi: "Kaka, karai hili unakaangia nini kingine?" Akitaja sambusa, sogea kwenye jiko la mkaa uchukue mishikaki, baada ya kuuliza kama imelowekwa kwenye sosi ya soya. Sosi nyingi za soya hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja.

Mashine ya kusaga ya mtaani je? Inasaga mahindi, ikimaliza inasaga ulezi, kisha anakuja mtu na ndoo ya ngano. Unga wako wa mtama unatoka na vumbi la jirani. Na unga wa lishe unaosifiwa sana kwa watoto, mara nyingi ngano imechanganywa humo makusudi.

Vitumbua ni mchele na nazi, ndivyo tulivyolelewa. Siku hizi wapo wanaoongeza unga wa ngano ili vishikane, au ili mchele ufike mbali. Hamira isikutie hofu, haina ngano. Katlesi huvingirishwa kwenye chenga za mkate, kachori huchovywa kwenye uji wa ngano au wa dengu, bagia inategemea mkono wa mpishi. Visheti na kaimati ni ngano tupu. Kashata ya karanga na ubuyu havina shida.

Urojo ule wa Kizanzibari, ambao sasa unauzwa hadi bara, huwa mzito kwa unga wa ngano. Mashabiki wake mnisamehe.

Kwenye migahawa ya Kihindi, dosa na idli ni mchele na dengu, lakini mvuje wa kopo mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Injera ya tefu haina gluteni. Waulize kama wameongeza ngano, maana tefu ni ghali.

Mwezi wa Ramadhani ni neema. Mihogo ya nazi, ndizi, magimbi, uji wa mchele, vyote vipo mezani. Mtego ni tambi, hasa kijiko chake kikihamia kwenye bakuli la mihogo. Miezi mingine mtego huo wa kijiko upo kwa mama ntilie pia, kwa hiyo fika mapema: "Shikamoo mama, naomba unipakulie kwa upawa ambao haujagusa chapati." Saa 6 kamili atakusikiliza. Saa 7 na nusu foleni imefika barabarani, hana muda na tumbo lako.

Kuhusu vinywaji: bia nyingi za chupa hupikwa kwa kimea cha shayiri, kwa hiyo hazifai. Mbege ya Wachagga ni ndizi na kimea cha ulezi. Tembo la mnazi ni utomvu mtupu. Dafu halihitaji hata kuulizwa.